Rilei ya Akiba

Jumatatu, tarehe 3
Honi imepona! Wiki nzima ilikuwa bubu. Nimefungua kisanduku cha fyuzi chini ya boneti, nikakuta rilei ya honi, kile kiswichi kidogo cha kupitisha umeme, imekufa na pacha wake amekaa pembeni, hana kazi ninayoijua. Nikamng'oa, nikamchomeka kwenye honi. Piii! Majirani wametoka nje. Mke wangu kauliza ile nyingine ilikuwa ya nini. Nikamwambia ya akiba. Wanawake na maswali.

Jumanne, tarehe 4
Habari nzito. Mama mkwe anatolewa mtoto wa jicho keshokutwa, anaruhusiwa Jumamosi. Daktari kasema vumbi lisilifikie jicho, hivyo vioo vya gari vifungwe. Na mama mkwe hawezi joto. Ametangaza atapanda gari lenye AC baridi, liwe la yeyote. Magari ni mawili tu: langu na la mwanyumba, mume wa dada yake mke wangu, bwana anayevaa tai hata akiosha gari. Nimeoa miaka tisa na mama mkwe hajakalia kiti changu hata siku moja. Inaniuma, sema tu huwa sisemi. Nimempigia, nikamhakikishia AC yangu inagandisha meno. Kisha nikakimbia kuijaribu.

Upepo unakuja. Wa moto! Juzi ilikuwa baridi safi! Hiki ni kijicho cha mwanyumba, sina shaka.

Jumatano, tarehe 5
Kwa fundi wa AC. Nikamwambia gesi imeisha, ajaze. Kanijibu gesi haiishi kama sukari koponi. Imefungiwa humo, ikipungua imevuja, na kujaza bila kujua panapovuja ni kutwanga maji kwenye kinu. Akataka apime kwanza. Akauliza kama kuna kitu nimechezea. Mimi! Nikasema sijagusa kitu, nikaondoka zangu.

Kumbe kutafuta panapovuja ni rahisi: unapaka maji ya sabuni, panapotoa mapovu ndipo penyewe. Nimemaliza sabuni yote ya mke wangu. Mapovu yametoka kila mahali. Nimegundua kwamba gari zima linavuja.

Alhamisi, tarehe 6
Jicho limekwenda salama, alhamdulillah. Mwanyumba kaniuliza mbele ya watu, pale wodini, AC inaendeleaje. Nikasema baridi inatisha. Shemeji, yaani mkewe, kasema basi aionje. Nilikuwa nimejiandaa! Nilishapanga chupa za maji ya barafu mbele ya matundu ya upepo na kuzifunika kwa taulo. Akaingia. Akaitikia kwa kichwa, ameikubali. Halafu chupa moja ikadondoka, ikammwagikia sketi. Nikamwambia AC nzuri lazima itoe maji. Hakucheka.

Ijumaa, tarehe 7
Maji yamezidi unga. Nimerudi kwa fundi, mnyonge. Kapima: gesi tele, haivuji popote. Kawasha AC, katega sikio. Kasema kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ikishika husikika tak, na hii haisemi kitu, maana yake haipati umeme. Kafungua kisanduku. Tundu tupu. Akauliza rilei ya AC iko wapi. Nikatazama mawingu. Akabonyeza honi. Piii! Akaichomoa ile niliyoiita ya akiba.

Karudisha rilei mahali pake. Tak! Baridi mpaka magotini. Honi imekufa tena. Kaniapisha nisiguse kile kisanduku maishani mwangu, kila kilichomo kina kazi, hata kupoza injini isichemke, nikaapa. Mama mkwe kaambiwa, na amekubali kupanda kwangu! Kwangu! Nimemkumbatia mke wangu jikoni akiwa na kisu mkononi.

Jumamosi, tarehe 8
Sitaki kuandika. Naandika.

Saa tatu kamili nipo hospitali. Baridi mpaka vioo vinatoa ukungu. Mwanyumba kaegesha karibu, tai shingoni. Nikawaza: msafara utaondoka kimyakimya kama wezi? Mama mkwe alikuwa bado anashuka ngazi taratibu. Nikazima injini. Kisandukuni kulikuwa na rilei nyingine ya namna ileile, imekaa tu. Nikaichomeka kwenye honi. Piii! Safi!

Akaingia. Akakaa! Akashusha pumzi, akasema baridi ya mwanangu ni ya kweli. Mwanangu! Miaka tisa nalingoja neno hilo. Nikawasha. Injini ikakohoa. Nikawasha tena. Na tena. Robo saa, vioo vimefungwa, jasho likimtiririka kuelekea bandeji. Mwishowe akaniomba kwa upole nimshushe. Mwanyumba alishashika mlango. Walipoondoka nilikuwa na uwezo wa kupiga honi tu, nikaipiga. Mama akanipungia mkono.

Jumapili, tarehe 9
Fundi kasema kwa simu ile ilikuwa rilei ya pampu ya mafuta. Kasema pia hataki kuniona. Wivu wa kazi huo.

Lakini Mungu si Athumani! Mama mkwe anarudi kliniki Jumatano na kasema atanijaribu tena, kwa vile nilivyomuaga vizuri kwa honi. Basi honi anaipenda! Nimeirudisha rilei ya pampu. Gari linawaka, AC inagandisha, honi kimya. Safari hii sikurupuki. Nimekagua kisanduku polepole, nikasoma kifuniko kama mtu mzima aliyejifunza. Kuna ya tatu, pacha kabisa, imechorwa feni.

Feni ya nini, na gari lina AC?