Kuhusu Stika Mliyoikubali na Stika Mliyoikataa

Prayong Sisuk,
Muuza barafu, nyuma ya soko la mboga,
Udon Thani.

Kwa Bwana Wichian,
Meneja wa duka la pikipiki kubwa, barabara ya kwenda Nong Khai.

Mheshimiwa Bwana Wichian,

Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na uwe umeshakula. Mimi ndiye yule mtu wa miaka hamsini na moja aliyekuwa anakuja kwenu kila Jumamosi kujaribu pikipiki bila kununua. Nakiri. Nimejaribu saba. Nne za mbio, zile unazolalia tumbo kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda, na tatu ndefu za matembezi, zile unazokaa umenyoosha miguu kama uko kwa kinyozi. Nakiri pia kwamba ile ya saba bado ninayo. Leo ni siku ya tisa. Ninatubu kwa moyo wote kwa kuichukua. Lakini ninayo malalamiko, na nimeyapanga kwa namba ili usichoke.

1. Aliyeanza ni mfanyakazi wenu Anucha. Mimi nimezaliwa Jumamosi, na kila siku ya kuzaliwa ina rangi yake ya mkosi; ya mtu wa Jumamosi ni kijani, hilo hata mtoto analijua. Aliponitolea pikipiki ya mbio ya kijani nilikataa, nikavua helmeti. Anucha akafungua droo, akatoa stika kama zile zilizobandikwa kwenye magari ya mji mzima, imeandikwa PIKIPIKI HII NI NYEUSI, akaibandika kwenye tangi. "Haya mjomba, imeshakuwa nyeusi. Panda." Nikapanda. Nilikwenda hadi kwenye mizani ya malori na kurudi, hakuna hata mbwa aliyenifukuza. Kiuno tu ndicho kilichokataa kunyooka, nikatembea siku mbili kama mtu anayepandikiza mpunga. Ila mkosi sikuupata. Kwa hiyo stika inafanya kazi, na walionithibitishia ni ninyi.

2. Jumamosi iliyofuata nilikuja na mke wangu, Lamduan. Yeye amezaliwa Alhamisi, nyeusi ndiyo mkosi wake, na ile ndefu ya matembezi ilikuwa nyeusi tii. Anucha akabandika PIKIPIKI HII NI YA MANJANO upande wa kushoto wa tangi. Lamduan akaisoma, akaridhika, akapanda nyuma. Tulizunguka bwawa mara mbili. Bwana Wichian, alinishika kiunoni. Mara ya mwisho kufanya hivyo tulikuwa hatujapata mtoto wa pili. Kwenye pikipiki yangu ya kazi anakaa kwenye kitoroli cha pembeni pamoja na barafu, tunaongea kwa kupigiana kelele. Siku hiyo alinilazia shavu mgongoni. Nilipoirudisha pikipiki dukani niliona kama nimewaachia na mke.

3. Hapo nikaanza kufikiri, jambo ambalo sikulizoea. Kama maandishi yanaweza kuigeuza nyeusi ikawa ya manjano, na rangi ni kitu unachokiona kwa macho, basi vitu visivyoonekana si ndiyo rahisi zaidi? Nikaenda kwa mchapaji wa stika karibu na stendi ya mabasi. Ya helmeti: MTU HUYU ANA MIAKA ISHIRINI NA NANE. Nyingine: DEREVA HUYU ANA LESENI YA PIKIPIKI KUBWA. Jumamosi nikaja kuijaribu tena ile ndefu. Askari wa barabarani akanisimamisha, akaisoma stika ya leseni mara mbili, kisha akaliangalia gari lake mwenyewe, ambalo ni jeupe na limebandikwa GARI HILI NI JEKUNDU. Akaniambia niende.

4. Siku hiyohiyo, upande wa kulia wa tangi, nikabandika PIKIPIKI HII NI YA PRAYONG. Nikaenda nayo nyumbani. Wewe ukanipigia simu, ukaniita mwizi. Tangi ni lilelile, gundi ni ileile, na herufi zangu zimechapwa vizuri kuliko zenu. Ya kushoto mnaikubali, ya kulia mnaikataa. Nauliza kwa heshima: tangi lina ukweli upande mmoja tu? Kitambulisho changu nilichoacha rehani mnacho ninyi, kimeandikwa Prayong. Pikipiki ninayo mimi, imeandikwa Prayong. Mwizi gani anaacha jina lake sehemu mbili?

5. Lamduan aliniuliza karatasi za pikipiki ziko wapi. Nikamwonyesha stika. Tangu hapo hanisemeshi na hapandi. Naizungusha mtaani na kiti kitupu nyuma yangu, majirani wananipungia mkono kama wanamuaga msafiri. Hili ndilo linaloniuma. Hayo mengine yote nimeyaandika kwa kujikaza.

Kwa hiyo naomba uniandikie barua yenye muhuri kwamba stika yangu ni halali, nikamsomee mke wangu. Ukikataa, basi tangaza kwamba stika zote ni uongo, halafu uwaeleze mwenyewe watu wa mji huu kuwa magari yao yana rangi wanazoziona.

Msalimie Anucha, sina kinyongo naye. Msalimie yule mama wa kahawa, na paka anayelala juu ya ile nyekundu ya mbio. Wote wa nyumbani kwako nawasalimu, na kama kuna anayeumwa apate nafuu.

Ni mimi, ninayetubu na bado nina ufunguo,

Prayong Sisuk

N.B. Nilikwenda kununua bahasha. Kurudi, nimekuta mlango umefungwa kwa ndani na umebandikwa NYUMBA HII HAINA MTU ANAYEITWA PRAYONG. Mchapaji ni yuleyule, naijua kazi yake. Nikagonga. Lamduan akanisemesha kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa: "Nani wewe? Soma mlangoni." Nikamwambia, mama watoto, hiyo ni karatasi yenye gundi tu, haiwezi kumfuta mtu. Akasema kwa ndani: "Basi rudisha pikipiki ya watu."

Bwana Wichian, nafuta malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la tano. Pikipiki ni nyeusi, ni yenu, leseni sina, na nina miaka hamsini na moja. Stika nimezibandua zote, na hii barua nakuletea mwenyewe. Lamduan ametoka akiwa ameshavaa helmeti. Anasema anapanda nyuma kuhakikisha sichepuki njiani. Tutachelewa kidogo kufika. Nitaendesha polepole sana.