Mikono ya Muzee na Namba za Benny

Jumatatu, 10 Juni

Kikao cha kwaya baada ya mazoezi. Habari nzito. Muzee Mbarushimana, anayetuongoza tangu sauti yangu haijavunjika, anahamia Bukavu kwa binti yake. Macho yanamsumbua, magoti pia. Anapanda boti Jumapili jioni.

Mama Nyirakamana, prezidenti wetu, akasema hatutamwacha aende mikono mitupu. Tutampa video: kwaya nzima ikiimba kando ya ziwa, yeye mbele akiongoza, imepigwa kutoka juu kwa droni. Ruhusa ya kurusha ameshaipata kwa taabu. Ni ya Jumamosi asubuhi tu, mtaa wa Himbi, katika uwanja wa Mama Angèle, sopurano wetu, unaoshuka mpaka ziwani. Jumamosi ikipita, imepita.

Akauliza nani ana droni. Nikasimama. Sijafungua mdomo, Benny naye kasimama.

Benny ni kijana wa Butembo, mtulivu, anaimba besi, anapiga video za mashirika. Watu wanampenda bila sababu. Mimi droni yangu niliipata kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na tangu siku hiyo nimewaambia wote kwamba mimi ni mtaalamu. Sikusema wa nini.

Uamuzi wa Mama Nyirakamana: turushe wote wawili. Muzee ataondoka na video iliyo laini zaidi. Ya pili itabaki kwa mwenyewe.

Haitabaki kwangu. Muzee ndiye aliyenifundisha kuimba. Ndiye pia aliyeniomba nisiimbe tena peke yangu, lakini aliniambia kwa upole.

Jumanne, 11 Juni

Jaribio hapa nyumbani Munigi. Nimerusha chini ya paa, jirani wasije wakauliza.

Menyu ya droni ina namba mbili zenye maana. Ya kwanza: kamera inapiga picha ngapi kwa sekunde. Ya pili: kwa kila picha, jicho la kamera linafunguka kwa muda gani. Nimechagua kama mtu mwenye akili. Kubwa kabisa kote. Picha soixante, yaani sitini, kwa sekunde, na jicho lifunguke sehemu moja tu ya elfu mbili ya sekunde. Moto, yaani pikipiki, ya mwendo mkubwa ndiyo nzuri. Kamera ina ubaya gani?

Nikampiga video mke wangu, Uwingabire, akitwanga sombe, majani ya muhogo. Tukaangalia pamoja. Mchi uko juu. Mara uko chini. Njia kati ya juu na chini haionekani. Mikono inaruka, shingo inaruka, mpaka kinu kilionekana kama kinaruka.

Akatazama mpaka mwisho, kisha akasema, “Papa Nishimwe, mbona niko kama kuku yenye kudonoa?”

Nishimwe ni binti yetu. Amecheka mpaka akalala chini. Nikamweleza mama yake kwamba droni haina kosa, ni yeye anayetwanga kwa kushtukashtuka. Leo tumekula ugali mtupu. Sombe ilikuwepo. Niliiona kwenye sahani zao.

Jumatano, 12 Juni

Nimefikiri siku nzima nikapata ufumbuzi. Kama video inaruka kwa sababu watu wanatembea vibaya, basi watu wajifunze kutembea.

Kwenye mazoezi nikaomba neno. Nikawaeleza wanakwaya kwamba Jumamosi, kwa sababu za kiufundi, wayumbe polepole, wapige makofi polepole, na ikiwezekana waimbe polepole. Sopurano wakajaribu. Wakaishiwa pumzi katikati ya aleluya. Mama Angèle akakaa chini akaomba maji.

Muzee akashusha mikono. Hakukasirika, yeye hajui kukasirika. Akaniambia, “Paulin, mutoto yangu, hii wimbo ni ya furaha. Haiko ya kuzika mutu.”

Benny alikuwa anatazama viatu vyake. Najua alikuwa anacheka.

Alhamisi, 13 Juni

Upelelezi. Nimesikia Benny anapiga video ya mashua za wavuvi kwa shirika moja, huko ufukweni. Nikavaa kofia ya shemeji na kujificha nyuma ya ukuta. Nikakaa hapo nikinyoosha shingo mpaka Benny akaniita kwa jina, akaniuliza kama nimekula.

Nikamwambia napita tu. Halafu, kama mtu asiyejali, nikamuuliza anatumia namba gani. Na huyu mutu akaniambia. Zote. Bila kuombwa mara mbili.

Kwa wimbo wa kawaida, alisema, vingt-cinq, ishirini na tano, kwa picha, na cinquante kwa jicho, yaani sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Ya pili iwe mara mbili ya ya kwanza, hiyo ndiyo sheria. Mkono unapopita lazima uache kivuli chake kidogo katika kila picha, ndipo macho ya mtazamaji yanaziunganisha. Jicho la kamera likifungwa haraka mno, kila picha inabaki kavu, peke yake, na video inaruka. Na kwa kuwa kwenye jua jicho likikaa wazi muda mrefu mwanga unazidi, unafunika kamera kwa kioo cheusi, kama mtu anavyovaa miwani. Akanionyesha kisanduku cha vioo vyake, hafifu mpaka vyeusi tii.

Leo lakini, akasema, ameweka picha cent, mia nzima, kwa sekunde, kwa sababu shirika linataka mashua zionekane zikienda taratibu sana. Nikamshukuru kwa mikono miwili.

Sasa niko nyumbani na ninajiuliza: nani anampa adui yake panga, tena analinoa kwanza? Vingt-cinq ni namba ya masikini. Benny ananitegea. Mtego mzuri, nakiri.

Ijumaa, 14 Juni

Uwingabire amesema nijaribu namba za Benny kabla ya kumhukumu. Nimejaribu saa sita mchana, ili asinisumbue tena. Kioo cheusi sina, nikarusha bila.

Video yote nyeupe. Uwanja mweupe, mgomba mweupe, mke wangu mweupe kama mtu aliyeanguka kwenye unga wa muhogo. Nikamwonyesha. Nikamwambia, umeona rafiki yako?

Akauliza kama Benny hakutaja kioo. Nikajibu kwamba kioo ni sehemu ya mtego. Akaenda kupiga pasi kanzu yake ya kwaya, kama mtu anayesubiri siku ya kuthibitishwa kwamba alisema kweli.

Nimepata mpango. Kesho, Benny atakapoacha rimoti yake mahali, nitamwekea namba zake mwenyewe. Vingt-cinq, cinquante. Aanguke katika shimo alilolichimba.

Jumamosi, 15 Juni

Imefanyika. Naandika haraka.

Asubuhi safi, mlima Nyiragongo wazi mpaka juu. Kwaya imepangwa kwenye mawe meusi kando ya maji, kanzu nyeupe, Muzee mbele kwenye kiti kwa sababu ya magoti. Mama Nyirakamana ana karatasi ya ruhusa mkononi, anamwonyesha kila anayepita, hata mama mmoja aliyekuja kufua.

Benny akaweka droni na rimoti yake kwenye ukuta, akaenda kumsaidia Muzee kusogeza kiti. Nikafika. Menyu yake ilikuwa bado ile ya mashua, picha cent kwa sekunde. Namba kubwa kuliko yangu! Nyoka huyu. Kwangu anasema vingt-cinq, kwake anaficha cent. Nikashusha. Vingt-cinq. Cinquante. Nikarudi mahali pangu nikipiga mluzi, na mimi sijui kupiga mluzi, nikapuliza hewa tu.

Benny akarudi, akaangalia skrini, akakunja uso. Nikainama kama mtu anayefunga kiatu. Akasema jua limepanda haraka leo, picha inazidi mwanga. Akatoa kile kioo cheusi akaweka cheusi zaidi. Basi. Akarusha.

Mimi nikarusha na soixante yangu na elfu mbili yangu, kwa mwendo wa kasi, nikizunguka. Wimbo ulikwenda kwa furaha yake yote. Muzee alisahau magoti. Katikati ya ubeti wa mwisho akasimama, mikono yake ikapanda juu, na kwaya ikapanda nayo. Nilisahau kidogo kwamba niko vitani. Nikaimba. Mama Angèle akanigeukia, nikanyamaza.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa. Ukumbi umejaa, shuka limetundikwa ukutani, projekta ya paroko inawaka.

Yangu ilikuwa ya kwanza. Sina hamu ya kuandika. Kwaya ilirukaruka kama mahindi kwenye kikaango. Makofi yalifunguka na kufungika bila kupita katikati. Mikono ya Muzee ilikuwa huku, mara kule, kama watu wawili wanaogombania koti moja. Mtu alikohoa kwa muda mrefu. Muzee akainama kwangu akaniuliza kwa heshima kama ni courant ya umeme inayokatika.

Halafu ya Benny. Laini. Laini kama mafuta ya mawese yakimiminwa. Kanzu zinajaa upepo na kutulia. Ziwa linapita chini. Na Muzee anasimama, na mikono yake inapanda polepole hewani, kila kidole kinaacha njia yake, na unaona sauti inavyotoka ndani ya mikono ile na kuingia kwa watu.

Muzee alisogea karibu na shuka, karibu sana, kwa ajili ya macho yake. Akainua mkono wake halisi kando ya mkono wa pichani.

Akasema, “Mikono yangu ilikuwa inafanya hivi? Miaka yote? Mimi sikuiona hata siku moja.”

Mama Nyirakamana alilia. Uwingabire alilia. Mimi niliingiwa na vumbi machoni.

Ndipo Benny akasimama na kusema hastahili sifa zote. Alisahau kubadilisha droni yake tangu Alhamisi. Ilikuwa kwenye mwendo wa mashua, picha cent, na wanakwaya wangetoka wakielea kama samaki, nyuma kabisa ya wimbo wao. Ameona jana jioni tu, alipofungua video, kwamba kuna mutu aliweka namba sawasawa kabla hajarusha. Muzee angeondoka leo bila kitu. Akaomba mutu huyo asimame.

Nilikaa. Nakiri kwamba nilikaa kwa muda fulani. Lakini Muzee alikuwa anatafuta kwa macho yake mabovu, na miguu yangu haijawahi kunitii penye sifa. Nikasimama.

Benny akanishukuru mbele ya wote. Kisha akauliza, kwa unyofu, bila ubaya wowote, jambo hilo ndilo linalonikera: kama nilizijua namba sawa, kwa nini sikuziweka kwenye droni yangu?

Uwingabire akageuza shingo kunitazama. Paroko naye.

Nikasema kwamba video zote mbili zingekuwa laini, Mama Nyirakamana angeshindwa kuchagua, na kwaya ingegawanyika. Nikaona heri video yangu iharibike, umoja ubaki.

Walipiga makofi. Baadhi walisimama. Muzee akanishika kichwa kwa mikono ile ile, akaniombea baraka kwa sauti, akataja unyenyekevu wangu. Uwingabire alikuwa ameingiza uso wake wote ndani ya kanzu, mabega yanatikisika. Waliokaa karibu naye walidhani bado analia.

Tulimsindikiza Muzee bandarini. Flashi yenye video ilikuwa mfukoni mwake, upande wa kushoto, na aliushikilia mfuko mpaka boti ilipogeuka.

Jumatatu, 17 Juni

Sifa zimeenea. Leo Mama Charline wa hapa Munigi amekuja kuniomba nimpigie harusi ya binti yake Jumamosi ijayo. Nimekubali kabla hajamaliza kuketi.

Mchana Benny naye akapita. Ameniletea zawadi, kioo cheusi kimoja kinachoenea kwenye droni yangu, akasema nitakihitaji kwenye jua la harusi. Nimempokea kwa tabasamu. Alipoondoka nikakichunguza. Ukikiweka machoni, kila kitu kinakuwa giza. Na ndicho anachonipa niweke kwenye kamera. Ameumia kwa makofi yale, masikini. Nimekifunga kwenye leso na kukitia chini ya kabati.

Namba nimezielewa sasa peke yangu. Kosa langu lilikuwa kupanda, na siri iko katika kushuka. Kama cinquante ilitoa ulaini ule, iliyo chini yake itatoa ulaini zaidi. Nimeshusha namba ya jicho mpaka droni yenyewe ikakataa kushuka tena. Nikajaribu uwanjani.

Uwingabire alitazama skrini. Akauliza, kwa upole ambao siupendi, video imeenda wapi, yeye anaona ukuta uliopakwa chokaa tu.

Nikamwambia asiwe na shaka. Ni harusi. Bibi-arusi mwenyewe atakuwa mweupe tangu kichwani mpaka miguuni, nani atajua tofauti?