Malalamiko kuhusu Saba Iliyopinda ya Injini Namba 47

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wakusanyaji wa Treni Ndogo,
pamoja na wanachama wote wenye glavu nyeupe.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuamkia kwa heshima nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana chumba chetu kina vitanda sita na hakina kiti. Natumai wewe u mzima na treni zako ni nzima kabatini. Mimi si mzima sana, na sababu ni wewe, ingawa hunijui. Mwezi uliopita ulipotembelea kiwanda ulisimama nyuma yangu. Mimi ndiye yule wa meza ya nne, chumba cha rangi, uliyemwambia "samahani" ulipomgonga kiwiko. Kiwiko kile kilituharibia injini moja, lakini hilo sikuliweka kwenye malalamiko.

Naandika kwa sababu nimeshapata barua mbili za onyo, na ya tatu ndiyo ya kufungasha. Nikifukuzwa hapa, kitanda kinaondoka, kibali cha kazi kinaondoka, na binti yangu aliyebakiza mwaka mmoja kumaliza uuguzi atarudi nyumbani na nusu ya uuguzi. Nusu ya elimu naijua mimi. Haitibu mtu.

Chanzo ni treni yako. Chama chako kimeagiza injini ndogo mia tatu, zisizoongezwa milele, kila moja na namba yake na cheti chake, mfano kamili wa injini namba 47 iliyokuwa ikivuta treni ya kwetu. Sisi tuliiita Subira. Wanasema subira huvuta heri. Hii ilivuta mabehewa sita, na siku nyingine yalikuwa yanaishinda. Ubavuni kwake, upande wa kushoto, 4 imesimama wima kama askari wa gwaride, na 7 imelala kama mtu aliyechoka kusubiri. Hiyo saba ndiyo mliyoipenda. Mmeagiza iandikwe kwa mkono, moja moja, na kwenye tangazo lenu mmesema Subira yoyote ambayo saba yake imenyooka ni ya bandia.

Sasa Ndugu Mwenyekiti, tafuta pa kushika. Ile saba ni yangu.

Miaka ishirini na miwili iliyopita nilikuwa mwandika namba katika karakana ya reli. Binti yetu alikuwa na siku tisa na alikuwa halali usiku, na katika nyumba ya vyumba viwili akikesha mmoja wamekesha wote. Siku ile shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliniletea chakula cha mchana akakaa nami, kwa kuwa wakati huo hakuwa na kazi ya kumkimbiza. Nakumbuka kila kitu. Nakumbuka nilivyoivuta ile 4. Nakumbuka chakula kilikuwa kizito. Nakumbuka msimamizi wa karakana akiliita jina langu kwa sauti iliyowafanya mafundi wa ng'ambo ya reli waache nyundo. Hapo katikati miaka imepita mingi, siwezi kuapa kama brashi niliipeleka hivi au vile. Lakini kazi ilikuwa yangu, brashi ilikuwa yangu, na kufukuzwa kulikuwa kwangu. Niliondoka rangi haijakauka. Halafu wakaiacha saba hiyo hiyo ifanye kazi miaka kumi na moja. Mimi nilipinda siku moja nikatimuliwa. Yenyewe ilipinda miaka kumi na moja ikapigwa picha.

Tangu hapo nimebeba saruji, nimepaka rangi mageti ya watu, nimesogea mbali na nyumbani kidogo kidogo mpaka nikafika huku. Siku picha zenu zilipofunguliwa mezani nikaona Subira inanitazama. Nilitokwa na machozi, nikasingizia harufu ya rangi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Saba zangu zinakataliwa. Mkaguzi wetu, tunayemwita Jicho la Tatu kwa ajili ya kile kioo cha kukuzia anachokivaa kwenye paji la uso, ameniwekea picha upande mmoja na mwongozo wenu upande wa pili. Ukurasa wa tisa unasema saba ilale nyuzi kumi na moja, mguu wake unenepe kwa chini, na kando yake pawe na tone la rangi dogo kuliko punje ya chumvi. Mimi naiandika kama mkono wangu unavyojua. Yeye anashusha kioo, anasema, "Siyo." Namuuliza siyo vipi. "Siyo tu." Katika mia moja nilizoandika amekataa sitini na nne. Zile thelathini na sita zilizopita niliziandika nina homa. Onyo la kwanza linasema nanyoosha mno. La pili linasema napinda kwa makusudi. Ndugu Mwenyekiti, mtu mmoja amefukuzwa kwa kupinda na sasa anafukuzwa kwa kunyooka, na saba ni ile ile. Mwenzangu wa meza ya tatu, anayepaka magurudumu, ameshanitangaza mbele ya watu: "Ndugu yangu, wewe reli zote mbili zimekukataa. Tembea katikati."

2. Nimetukaniwa elimu. Nilipomwambia Jicho la Tatu kwamba mwenye saba ndiye huyu anayemkatalia, hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Aliitazama picha muda mrefu, akasema polepole, "Hapana. Hii imeandikwa na mtu asiyejua kwamba ni saba." Chumba kizima kilisikia. Ni kweli nimesoma mpaka darasa la sita. Darasa la saba sikulifika, lakini saba yenyewe naijua vizuri sana. Mwaka mzima niliipita mlangoni kwao nikienda kukaa kwetu darasa la sita.

3. Cheti. Kila treni ina cheti chenye muhuri, na cheti kinasema: "Kasoro ya saba ni kazi ya fundi asiyejulikana." Asiyejulikana na nani? Msimamizi alinijua. Mke wangu ananijua, na ndugu zake wananijua kuliko ninavyopenda. Barua yangu ya kufukuzwa, ambayo nimeitunza kwenye mfuko wa nailoni na nakala yake nimeiambatanisha, inalitaja jina langu mara mbili, na mara moja wamelipatia. Wakati wa adhabu nilijulikana mpaka ng'ambo ya reli. Wakati wa sifa nimekuwa mtu fulani. Naomba jina lile liandikwe kwenye vyeti vyote mia tatu.

4. Makazi. Nimesikia kwamba Subira ndogo inakaa ndani ya kabati la kioo, mbali na jua, na kipimo cha unyevu pembeni, na anayetaka kuishika lazima avae glavu. Mimi nalala kitanda cha juu chini ya bomba linalodondosha, na wanaonisukuma mlangoni asubuhi hawajawahi kuvaa glavu. Nakuuliza kwa adabu: ikiwa nakala ya kosa inapewa kabati, kosa lenyewe linastahili nini? Na mwenye kosa je? Ninyi mnapenda vitu adimu. Zenu ni mia tatu. Mimi ni toleo la nakala moja. Mama yangu alisema baada yangu hataki tena. Kwa hiyo naomba niandikishwe katika daftari la chama kama kipande halisi, nipewe namba, nisihamishwehamishwe. Kabati si lazima liwe la kioo. Chumba cha peke yangu chenye kitasa kinatosha, na wanachama waje kunitazama Jumapili, mradi wasilete watoto wa kunibonyezabonyeza.

5. Uhalisi. Mnasema kila kitu kiwe kama kilivyokuwa. Nimeiona injini yenu kwenye reli ya majaribio. Ukibonyeza, inaondoka. Hiyo siyo Subira. Subira haikuwahi kuondoka mara ya kwanza. Ilikohoa, ikanyamaza, abiria wakashuka kunyoosha miguu, dereva akaitukana, wakapanda tena, ikakohoa tena. Naomba zote zirudishwe kiwandani zifundishwe kuchelewa.

6. Hili la mwisho ndilo linaloyabeba hayo mengine. Mkono ni mama, picha ni mtoto. Tangu lini mtoto akasimama mbele ya watu akasema mama hafanani naye? Kama mkono ni wangu, basi saba yoyote itakayotoka kwenye mkono huu ni ya kweli, iwe imelala, imesimama au imepiga magoti. Kwa hiyo zile sitini na nne zilizokataliwa ndizo halali. Zile thelathini na sita zilizopita ndizo za bandia, maana aliyeziandika ni homa. Zikusanywe zote, ikiwemo namba moja iliyo kabatini kwako. Picha yenu irekebishwe ifuate mkono wangu. Na Subira yenyewe, ile kubwa, inayooza kwenye uwanja wa vyuma kule kwetu, afunge safari mtu mwenye ndoo ya rangi aende kuisahihisha. Jicho la Tatu apewe onyo, la kwanza tu, sitaki lawama za watu.

Naomba majibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya kuhesabu zilizokataliwa, na karatasi ya onyo la tatu nimeiona mezani kwake, imeshagongwa muhuri, imebaki tarehe.

Nisalimie wanachama wote, mmoja mmoja na treni zao. Wasalimie wake zao wanaofuta vumbi kwenye vitu visivyotakiwa kuguswa. Msalimie yule bwana mfupi uliyekuja naye, aliyeishika saba yangu mwangani akasema haina roho; mwambie roho ipo, imechoka tu. Nyumbani kwako wote nawasalimu, walio ndani na walio nje ya kabati.

Wako nisiyejulikana,

Mwandika namba,
meza ya nne, chumba cha rangi.

Tanbihi. Kabla ya kufunga bahasha nilimpigia simu mke wangu nimsomee, maana ana sikio la kukamata neno lililokaa vibaya. Alinyamaza mpaka mwisho. Nikadhani analia. Kumbe ameziba simu kwa kiganja, anacheka. Akaniambia, "Mume wangu, ile saba siyo yako."

Nikamwambia aache utani, salio linakwenda.

"Ulikuwa umelala chini ya behewa, mdomo wazi. Kaka alikuita mara tatu, akakuvuta mguu, ukamwambia mtoto abembelezwe na mama yake. Msimamizi alikuwa anakuja. Kaka akazunguka upande wa pili wa injini, akaitazama namba iliyokuwa kule, akarudi mbio akaichora kabla hajaisahau. Si unajua hajasoma? Yeye aliona jembe lililoegemezwa ukutani, akachora jembe. Wewe ukaamshwa na makelele, ukaikuta, ukadhani ni yako."

Nikauliza mbona miaka yote hii hakuna aliyenong'ona. Akasema, "Kaka alitaka kwenda kujieleza, nikamzuia. Akisema amechora yeye, watauliza wewe ulikuwa wapi. Tukaona bora ufukuzwe kama fundi mbaya kuliko kama mlalaji."

Basi, Ndugu Mwenyekiti, karatasi ilikuwa nzuri na stempu nilishaibandika, kwa hiyo barua naituma. Lakini malalamiko yote nayafuta, isipokuwa la tano. Subira kweli ilikuwa haiondoki. Kwa Jicho la Tatu nimekwenda mwenyewe kuomba radhi, bila kumweleza radhi ya nini. Macho yake ni mazuri.

Kwenye cheti msiandike jina langu. Nimemuuliza shemeji kama liandikwe lake, amekataa. Anasema hawezi kulisoma, atajuaje kama si la mwingine? Aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli kuna watu wazima wameliweka jembe lake kabatini. Nikamwambia ni kweli, na hawalishiki bila glavu. Akasema, "Jembe kwa glavu? Hao hawajalima." Naomba mmpelekee treni moja kati ya zile sitini na nne zangu, aone jinsi nilivyohangaika kumfuata nisimpate.

Leo asubuhi sikuandika saba. Nilichora jembe lililoegemezwa ukutani. Nimechora kumi na tisa, na zote kumi na tisa zimepita. Ile karatasi ya onyo Jicho la Tatu ameiwekea kikombe cha chai juu yake. Alipandisha kioo chake kwenye paji, akanitazama kwa macho yale mawili ya kawaida, akaniuliza nimejifunza wapi.

Nikamwambia, kwa fundi mmoja asiyejulikana.