Uzinduzi wa Mwongozo wa Programu ya Mafundi wa Gisozi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru na kuniagiza nimwakilishe mbele yangu. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, vijitengo na vitengo vya mpito. Wadau wa maendeleo na maendeleo ya wadau. Viongozi wa dini zote. Mafundi seremala na wachomeleaji wa Gisozi, mliosimama kwa kuwa viti mlivyotengeneza tumevikalia sisi. Itifaki ikiwa imezingatiwa, naomba nianze tena. Mheshimiwa Mgeni Rasmi. (Makofi ya meza kuu.)

Leo ni siku ya kihistoria katika mchakato mzima wa digital transformation ya mageuzi ya kidijitali. Kama mnavyofahamu, tangu mwanzo wa mwezi mimi, Mkurugenzi wenu, niliwaagiza msipokee tena oda za vitanda na makabati kwa simu wala kwa mdomo, bali msubiri programu ya simu ya kupokelea oda, na kwamba fundi ambaye kufikia leo hana oda ndani ya programu atampisha mwingine kwenye karakana. Wapo walionung'unika. Nikawauliza, mtatumiaje programu bila mwongozo? Basi leo mwongozo uko mtandaoni, saa zote, mvua inyeshe jua liwake. (Makofi. Fundi mmoja anamuuliza jirani yake kama kuna chai.)

Zamani mwongozo ulichapwa kwenye karatasi ukazeekea kabatini. Mhandisi wetu, Bi Umutoni, akanieleza kwamba siku hizi maandishi hukaa kwenye hazina moja na msimbo wa programu, hazina inayokumbuka nani alibadilisha nini na lini, na mtu akirekebisha neno, tovuti inajichapisha upya yenyewe. Nilishtuka. Yenyewe, kwa idhini ya nani? Hata chai haijimimini. Nikaelekeza kwamba kila badiliko, hata la mkato, lichapwe kwenye karatasi, lipandishwe mlima wa Rebero hadi nyumbani kwangu nikiwa likizoni, lipigwe muhuri, lipigwe picha, ndipo lirudishwe kwenye hazina likiwa na jina langu. Kwa utaratibu huo tumefikia asilimia mia moja na nne ya lengo, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo inahusu picha yangu ya ukurasa wa kwanza, ambayo mwanzoni ilinionyesha nimekonda. (Kicheko. Watu wa itifaki wanakizima.)

(Kanyange, fundi wa makabati, ananyanyua simu yake: "Mkurugenzi, mimi nimefungua. Iko picha yako, iko hotuba yako, iko 'bonyeza hapa kupokea oda'. Nabonyeza, hakuna kitu. Programu yenyewe iko wapi? Mwezi mzima nafukuza wateja, na kwenye ile karakana ndiyo nalishia watoto.")

Asante sana, dada yangu, kwa swali zuri ambalo halikuwemo kwenye ratiba. Umesoma mwongozo, na mwongozo uliosomwa ni mwongozo uliofaulu. Sasa nisikilize vizuri. Sisi hapa tunafanya kazi kwa imihigo: unaahidi mbele ya watu, unatia saini, mwisho wa mwaka unapimwa kwa ulichoahidi. Mimi niliahidi mwongozo. Programu sikuiahidi. Ningeileta bila kuiahidi ningekuwa nimeruka utaratibu, na mimi na utaratibu ni chanda na pete. (Upande wa wachomeleaji: "Mweh!" Umutoni anaangalia viatu vyake.)

Sasa tuseme kwa pamoja. Mwongozo oyee! (Meza kuu: "Oyee!") Maelezo kwanza! (Meza kuu: "Vitu baadaye!") Na mafundi je? (Mtu anakohoa.)

Kwa kumalizia, namshukuru Bi Umutoni, aliyeeleza kwa ufasaha, hatua kwa hatua na kwa michoro, programu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika, na ambayo mimi sikuwahi kumwomba mtu aiandike. Nawashukuru pia walinzi wetu, ambao hivi tunavyoongea wameshabadilisha kufuli la karakana ya dada Kanyange kwa kukosa oda ndani ya programu. Halafu wenye wivu wanasema mfumo wetu haufanyi kazi. Asanteni sana, murakoze cyane.