Ufunguo wa Kituo cha Taswira

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amechelewa na kwa hiyo kwa muda ni mimi. Waheshimiwa Wenyeviti, Makamu wao, na wale wanaokaimu nafasi za Makamu. Wachungaji na makatekista. Wazee wa koo. Wageni wetu wa ng'ambo mliovuka Busia asubuhi hii mkaacha biashara zenu, pamoja na ninyi wa Malaba mliokuja na biashara zenu mkazitandaza hapo nyuma. Kamati ya Chakula, ambayo mpaka sasa harufu yake haijatufikia. Mama yangu mzazi, Mama Teopista, uliyeketi mstari wa mbele. Na wewe Mheshimiwa Nerima, diwani wa Lumino, au kansela kama wanavyokuita hapa sokoni: mulembe! (Umati: "Mulembe!") Nikisema tena, itifaki yote itakuwa imezingatiwa. Mulembe! (Umati, kwa uchovu: "Mulembe.")

Mimi Wandera, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Kuvuka Mpaka ya Kuboresha Taswira ya Mwanamke Kiongozi katika Vyombo vya Habari, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao watu wengi wamenisifia, ili nifungue rasmi kituo cha kwanza cha aina yake kati ya ziwa na Mwamba wa Tororo, kituo ambacho stakeholders wote wamekiri kwamba ni cha kisasa, chenye studio, ukumbi, na chumba maalumu cha gender mainstreaming. (Makofi. Sauti: "Kiko wapi?") Nitafika huko.

Ndugu zangu, picha ni kitu kikubwa. Utafiti wetu wa kina, tulioufanya katika hoteli moja ya Tororo kwa sababu kule mandhari yanasaidia kufikiri, umebaini kwamba asilimia mia moja na sita ya picha za viongozi wanawake zinawaonyesha wakigawa chakula, wakicheza ngoma, au wakiwa wamesimama nyuma ya bega la mwanamume. (Kicheko.) Msicheke, hiyo sita ni ongezeko.

Chukueni mfano wa Mheshimiwa Nerima. Alipobishana na baraza msimu mzima mpaka soko hili likaezekwa, gazeti liliandika nini? Liliandika rangi ya gomesi aliyovaa. Alipokwenda redioni kueleza habari za mitaro, aliulizwa mume wake anapikiwa na nani! Mimi niko katika siasa tangu kichwa hiki kilipokuwa na nywele, na hakuna mwandishi hata mmoja aliyewahi kuniuliza nani ananipikia. (Mama Teopista: "Mimi!" Kicheko kirefu.) Asante, Mama. Hiyo ni taarifa ya ndani.

Sasa nije kwenye picha mnayoijua wote, ile niliyoitundika pale njia panda kwa ajili ya visibility: Mheshimiwa Nerima amepiga magoti, mimi nimesimama mbele yake nikitazama mbali kama mtu mwenye maono, na chini pameandikwa, "Kansela Amwomba Mwenyekiti Soko." Nasikitika kusema picha hii imetafsiriwa vibaya. Vijana wa boda wanamwita Mama Magoti. Akina mama waliokuwa wafuasi wake kabisa sasa wanasema, kama kila kitu anakwenda kumwomba Wandera, si bora kura tumpe Wandera mwenyewe? Na kwa kuwa wiki ijayo tunapiga kura, na kwa kuwa kwa bahati tu na mimi nagombea kiti hichohicho cha udiwani, itifaki hainiruhusu kuwakatalia wananchi mawazo yao.

(Mama Teopista anasimama. "Wandera! Mbona mimi siko kwa hiyo picha?")

Mama, kaa, tuko kwenye ukurasa wa nne.

("Sikai! Siku ile ya harambee ya kanisa, huyu mtoto Nerima alikuwa nasalimia mimi. Mimi nilikuwa kwa kiti, nyuma yako. Wewe ulipita tu katikati na sahani yako ya kuku. Akusalimie kwa magoti, wewe nani? Umezaliwa juzi!" Umati unalipuka.)

Hilo, Mama, ni suala la kiufundi. Picha ilikuwa pana kuliko bango, na mpiga picha wetu, Brayo, kutoka Busia ya ng'ambo...

(Brayo, akiwa na kamera shingoni: "Zii, Mheshimiwa! Si ni wewe uliniambia nikate mathe wako na sahani? Picha iko hapa kwa simu, nzima." Simu inapita mkono kwa mkono. Wa mbele wanacheka. Simu inafika kwa vijana wa boda. Mmoja wao anamvulia Nerima kofia.)

Naomba utulivu. Hapa kwetu kila mtu anajua mwanamke aliyelelewa vizuri humpigia mzee magoti, hata akiwa waziri, na mimi kama msomi sikuwahi kusema Nerima aliniomba chochote; bango ndilo lililosema. Mheshimiwa Nerima, una neno? (Nerima, bila kuinuka: "Endelea, Mheshimiwa. Leo unaongea vizuri sana.") Mmesikia wenyewe.

Kwa hiyo naahidi, na Brayo apige nikiwa naahidi: ifikapo mwisho wa Awamu ya Kwanza, kila mwanamke kiongozi wa mpaka huu atakuwa na picha yake rasmi, ya kusimama, isiyokatwa mtu. Mwanamke kiongozi! (Umati: "Nerima!") Jibu sahihi ni "Aonekane". Turudie. Mwanamke kiongozi! (Umati, kwa nguvu zaidi: "Nerima!")

Basi nishukuru. Namshukuru mwenye shamba la mihogo huko nyuma, ambalo ndilo kituo chenyewe, kwa kukubali tulizungumzie huku yeye anaendelea kupalilia. Nawashukuru wafadhili, ambao tutawapata. Namshukuru Brayo kwa lile jengo la ghorofa mlilolipenda kwenye kadi za mwaliko, ambalo nasikia liko nchi ya mbali na lina wenyewe. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mheshimiwa Nerima kwa kutuazima soko lake, kwa maana bila paa hili tungekifungua kituo chetu juani.

Sasa namwita mbele apokee ufunguo, ambao kwa sasa ni wa baiskeli yangu, kwa sababu kituo hakijapata kufuli, kwa sababu hakijapata mlango, na mlango, kama mnavyojua, unahitaji ukuta. Karibu, Mheshimiwa. Pokea... samahani, umeniponyoka. Umeangukia wapi? Hapo, karibu na kiatu chako. Usijisumbue, ngoja nikunje goti kidogo tu, niuokote...

(Mwanga wa kamera.)

Brayo! Brayo, andika chini yake kwamba nilikuwa naokota ufunguo!

(Mama Teopista: "Nyamaza, Wandera. Goti umeshapiga. Salimia kwanza.")