Ombi la Cheti cha Uhai cha Kudumu

Kolwezi, Manika, mwishoni mwa Septemba

Kwa Tata Kitenge,
Shefu wa kartie yetu

YAH: KUOMBA CHETI CHA UHAI KISICHO NA TAREHE YA MWISHO, NA KUMSHTAKI MUUGUZI ANAYESEMA KWAMBA NAWEZA KUFA

Tata Shefu mheshimiwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na nyumba yako. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali penye kivuli. Mimi naiandika nikiwa ndani, mapazia yamefungwa mchana kweupe, kwa amri ya wanawake wawili nitakaowataja huko mbele.

Unanijua. Mimi ni Gracien Kalenga, mzee wa miaka sitini na minne, zamani pwantere kwenye lango la mgodi, yaani yule aliyesimama nje kila asubuhi akitazama nani amefika kazini na nani amebaki kitandani. Mimi pia ni ndundu. Kwenye kituo cha afya wanaandika "mtu mwenye ualbino", nami nakubali, ni maneno marefu na masafi. Lakini katika kartie yako, mtaa mzima kuanzia watoto mpaka mama wauza makaa, jina langu ni Tata Ndundu, na mtu akiniita Gracien nageuka kutazama kama kuna mgeni nyuma yangu.

Jambo lenyewe lilianza ofisini kwako. Kama unavyojua, sisi wastaafu tunapaswa kuja kila mwaka kuonyesha kwamba tungali hai, ndipo tupewe cheti cha uhai. Mwezi uliopita zamu yangu ilipofika, karani wako Gael alinitazama, akacheka, akasema safu nzima ikisikia: "Tata Ndundu, weye unakuya kutafuta nini hapa? Ba ndundu habakufake. Banapoteaka tu!" Safu ikacheka. Nami nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimesimama juani tangu asubuhi, na kicheko ndicho kitu pekee mwilini mwangu kilichokuwa hakiumi.

Nilipofika nyumbani nilitafakari. Maneno hayo, kwamba ndundu hafi bali hupotea tu, nimeyasikia tangu utoto, kutoka kwa majirani, kwa wauzaji wa sokoni, hata kwa katekista mmoja. Lakini Gael ni karani. Karani akisema jambo ofisini, saa za kazi, muhuri ukiwa mezani, huo si utani tena, ni msimamo wa utawala. Kwa hiyo nakuomba utawala ufuate msimamo wake mpaka mwisho. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu safu. Ikiwa mimi sifi, kwa nini napangwa juani kila mwaka ili kuthibitisha kwamba sijafa? Uwanja wa ofisi yako una kivuli kimoja tu, lile paa la mabati, na chini yake hukaa pikipiki yako. Sina ugomvi na pikipiki. Ni nzuri, inang'aa, na sijawahi kuiona ikitoka malengelenge. Sisi wazee tunasimama nje, wenye vipara na wenye mvi, na yule wa mwisho anapopata cheti chake, uhai uliobaki ni mdogo kuliko ule aliokuja kuuthibitisha.

2. Kuhusu Mama Odile, muuguzi wa kituo cha afya. Huyu ndiye mshtakiwa. Jumapili moja baada ya misa aliomba wanaume wote waliopita miaka hamsini wabaki kanisani. Tulibaki haraka sana, tukidhani kuna sukari ya kugawa. Kumbe alitaka kutuhubiria juu ya ngozi zetu. Alisema jua la Kolwezi linachoma hata siku ya mawingu. Alisema sisi ndundu hatuna ile rangi ya kukinga mwili, kwa hiyo jua linaingia mpaka ndani, na miaka ikipita ngozi inaota kansa. Wenye ngozi nyeusi walipoanza kunitazama kwa huruma, akawageukia na wao: kuna kansa ya ngozi inayojificha kwenye nyayo na chini ya kucha, jua liwepo lisiwepo, na nani kati yao amewahi kutazama wayo wake? Wazee wazima wakaanza kukunja vidole ndani ya viatu. Alisema akina mama huja kituoni kidonda kikiwa kama punje ya mchele. "Lakini ba tata ya huku," akasema, "mpaka kitu inaoza, mpaka nzi banakuya mbele yabo, ndiyo banakumbuka hospitali!" Maneno hayo yalisemwa mbele ya altare, Tata Shefu.

Halafu akaja kwangu, akalishika sikio langu la kushoto kama mwalimu. "Tata Gracien, hii kidonda iko hapa tangu lini?" Nikamjibu kwamba ni kinyozi. "Kinyozi gani anakukataka fasi moja miezi sita?" Kanisa zima likacheka, na padri pia. Akaandika karatasi ya kunipeleka Lubumbashi, daktari akate kipande cha sikio kabla ugonjwa haujatambaa kwenda shingoni. Kitanda kimeshapatikana, ni Jumatatu ijayo. Nilipokataa, akasema kwa sauti: "Tata, tukichelewa, hii itakuua."

Sasa pima mwenyewe. Mtu ambaye kartie nzima, pamoja na karani wa utawala, imetangaza kwamba hafi, anaambiwa hadharani kwamba atakufa! Kama huko si kuharibu jina la mtu, basi sijui ni nini.

3. Kuhusu mavazi. Mama Odile anataka nivae kofia ya ukingo mpana pande zote, shati la mikono mirefu, nipake mafuta ya kukinga jua, na nisitoke hovyo saa za katikati ya mchana. Nikilazimika kutoka, nichukue mwavuli. Mwavuli, Tata Shefu, mbingu ikiwa haina hata wingu! Unajua kama mimi kwamba mwavuli wa jua ni wa mama anayetoka kusuka nywele. Nilijaribu mara moja, nikakatiza soko la Manika na mwavuli wa mke wangu, ule wa maua mekundu. Vijana wa pikipiki za taxi-moto walinipisha njia kama askofu, na mmoja akaniomba baraka.

Zamani nilivaa kasketi, kofia yenye ukingo wa mbele tu, niliyopewa wakati wa kampeni. Chama sitakitaja, lakini kiliahidi mwanga kwa wote, na kwa upande wangu ahadi hiyo imetimia. Kasketi ile inakinga pua peke yake. Masikio imeyaachia upinzani. Kazini nako walinipa kofia ngumu ya kunikinga na mawe. Miaka yote ile jiwe halikuniangukia hata moja. Jua liliniangukia kila siku, na kwa jua hawakuwa na kofia.

Mafuta nayo ni fedheha ya pekee. Mama Mwadi, mke wangu, ndiye amri ya pili. Ananipaka kabla ya chai, masikioni, shingoni, midomoni, nyuma ya mikono, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Nikisema mimi ni mwanaume mzima, ananijibu: "Vaa kofia, tata. Mi nilichoka kufula damu mu mashuka." Basi namgeuzia sikio la pili.

4. Kuhusu uzalishaji wa taifa. Wachimbaji wadogo hupita mbele ya nyumba yangu asubuhi wakielekea kwenye mashimo yao. Kiongozi wao, Sadrack, anaamini kwamba ukiona ngozi ya ndundu kabla ya kushuka, udongo hautakuporomokea, nawe utapata jiwe zuri. Tangu nianze kujifunika, kazi yao imeingia wasiwasi. Wanasimama kwenye geti. "Tata Ndundu, toa kofia kidogo, tuone chance!" Nami, kwa kuipenda nchi, nimeitoa asubuhi nyingi, jua likipanda moja kwa moja juu ya sikio lile lile.

Fikiria basi Mama Odile akishinda. Sadrack ataogopa kushuka, kobalti itapungua, magari ya umeme ya Wazungu na Wachina yatasimama barabarani, na wenye magari hawatajua kamwe kwamba sababu ni kofia ya mstaafu mmoja wa Kolwezi. Naomba jambo hili lifike mkoani.

Mmoja wa wachimbaji hao, si Sadrack, aliniomba nywele. Kidogo tu, alisema, za kufunga kwenye kitambaa. Tangu siku hiyo Mama Mwadi anachoma nywele zangu mwenyewe kila ninaponyolewa, na sikai tena barazani peke yangu. Hili halichekeshi, nami sijui limeingiaje katika barua hii.

5. Kuhusu kilio. Mimi sikosi kilio katika kartie yako. Nabeba mabenchi, naimba sauti ya chini, nakaa na wafiwa mpaka mwisho. Watu wote wanatoa mkono kwa kujua kwamba siku yao ikifika watapewa. Mimi natoa tu, kwa sababu siku yangu, kwa maelezo ya Gael, haipo. Huo ni unyonyaji, na nilikusudia kuandika kurasa mbili juu yake.

Lakini nimemkumbuka Mbelu. Ulimwona, yule fundi cherehani mtu wa Sandoa, ndundu mwenzangu, rafiki yangu. Alikuwa na kidonda shingoni. Mwezi wa saba wa mwaka jana alikifunga skafu, akasema ni baridi. Oktoba joto lilipofika, skafu bado ilikuwa pale, na watu wakamsifu kwamba fundi anajua kuvaa. Alipokwisha, kartie ilisema: Mbelu amepotea. Mmoja alimwona huko Kisenge akinunua mihogo. Mwingine alimwona Dilolo akivuka kwenda Angola. Basi kilioni hakuja mtu, maana nani atamlilia mtu aliyekwenda matembezi? Mimi ndiye niliyemwosha. Alikuwa mzito, Tata Shefu. Mtu aliyepotea hana uzito. Tulikuwa wachache mno, ikabidi tumwombe kijana wa taxi-moto ashike upande mmoja wa sanduku, naye akauliza tunahamisha kabati kwenda wapi.

Nilimlilia peke yangu na mjane wake, na bado nina uchungu.

Narudi kwenye hoja. Kwa sababu zote hizo, naomba kwa unyenyekevu:

Nipewe cheti cha uhai cha kudumu, chenye muhuri mkavu, ule wa kubonyezwa bila wino, na Gael atie sahihi kama mtaalamu. Mama Odile ayafute maneno yake pale pale kanisani, mbele ya wazee wale wale, wakiwa wamevaa viatu. Hospitali ya Lubumbashi ijulishwe kwamba kitanda cha Jumatatu kipewe mtu mwingine, kwa sababu si haki asiyekufa kulalia kitanda cha wanaokufa.

Na ikiwa sheria hairuhusu hayo, basi uniandikie kinyume chake, kwa muhuri huo huo: kwamba ndundu Gracien Kalenga anaweza kufa kama raia mwingine yeyote. Hapo nitakuwa na haki ya kivuli. Hapo utajenga paa kwa ajili ya safu, utafungua ofisi mapema kabla jua halijakomaa, na utawaambia wachimbaji kwamba bahati yao haimo katika shingo ya mtu. Moja kati ya mawili, Tata Shefu. Utawala hauwezi kusema sifi siku za kawaida, kisha kunidai ushahidi wa uhai siku ya safu.

Nisalimie Mama wa nyumbani kwako na watoto wote, wakubwa kwa wadogo. Nisalimie Gael, simchukii, ana mwandiko mzuri. Nisalimie wazee wenzangu wa safu, uwaambie watazame nyayo zao wakiwa peke yao, hakuna atakayejua. Pikipiki pia naitakia afya njema.

Nabaki mtumishi wako mtiifu, kivulini,

Gracien Kalenga
Pwantere mstaafu, asiyekufa kwa kauli ya kartie

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga barua hii, Mama Mwadi akaifungua akaisoma. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alifika kwenye habari za Mbelu, akaiweka mezani, akaenda kupanga nguo zangu kwenye sanduku, na kofia juu yake. Kwa hiyo, Tata Shefu, yote niliyoomba hapo juu yafute. Kesho tunapanda basi la Lubumbashi, na Jumatatu nitakatwa sikio. Mama Odile anasema wanaokatwa mapema wengi hurudi nyumbani. Nimemwamini, lakini naogopa, na nimeona afadhali aogope nami mtu mmoja mwenye mamlaka. Nikirudi, utaniona. Nisiporudi, mtume mtu mwenye sauti kubwa apite njia zote za kartie. Asiseme nimepotea. Aseme Gracien amekufa, na watu waje.