Spika Yangu Imenisema Hitimani

Wenzangu, leo nimeadhirika. Uso wangu sijui niuweke wapi.

Mnaijua ile spika yangu kubwa, niliyoipandisha dirishani ikatazama kichochoroni. Kila asubuhi naifungulia mpaka mwisho, inatetemesha vioo, yenyewe inakoroma. Jirani yangu wa dirisha la mbele, Bi Salma, mtu wa rika la mama yangu, kila siku: "Mwanangu, punguza. Utaipasua hiyo, na masikio yako utayaua." Mwishowe nikamjibu vibaya, tukanuniana. Na hapa Mji Mkongwe madirisha yetu yalivyokaribiana, chumvi tunapeana kwa mkono. Kununiana kwa namna hiyo ni kazi!

Juzi akanialika hitima ya marehemu mama yake. Wallahi nilifurahi. Nikasema, leo yanakwisha.

Nimekwenda na buibui jipya. Kwa heshima nikasimamisha nyimbo kwenye simu. (Spika yenyewe sikuizima. Imebaki imeungana na simu kwa bluetooth, sauti juu. Hapo ndipo nilipojimaliza.)

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapa karibu yangu."

Karibu yake! Nusura nilie.

Dua imekwisha, kina mama tumetulia kimya tunangoja chakula. Simu ikatetemeka. Dada yangu wa Chwaka kaleta ujumbe wa sauti. Nikajifunika mtandio, simu sikioni, nikabonyeza. Sisikii kitu. (Masikio yangu siku hizi yanavuma tu kama feni bovu.) Nje nikasikia mtu anabwata. Nikasonya, nikasema, tena kwa sauti: "Watu wengine hawana adabu, hata hitima hawaioni!"

Nikaongeza sauti. Nikaurudia ujumbe toka mwanzo.

Mwanamke wa pembeni akanigusa goti. "Bibi, mbona huyo mtu yuko dirishani kwako?"

Nikafunua mtandio. Yarabi! Kichochoro kizima kinamsikiliza dada yangu:

"Ee, nambie, ushafika kwa Bi Salma? Pilau lake leo lina nyama, au viazi vitupu kama ulivyosema la mwaka jana?"

Mara ya pili hiyo, jamani. Mara ya kwanza walishaisikia wote isipokuwa mimi.

Bi Salma kasimama mlangoni na sinia la pilau mikononi. Nilitamani ardhi ipasuke. "Bi Salma, nisamehe, mimi..." Sauti ikakatika. (Mimi! Sauti!)

Akapakua. Sahani yangu nyama tupu, imepangwa mpaka wali hauonekani, kiazi hata cha dawa hakuna. Akaniinamia mpaka sikioni, akasema kwa kelele, kama mtu asemaye na kiziwi:

"Kula, mwanangu! Halafu umjibu dada'ko!"

Nimekula machozi yananitoka. Spika nshaitoa dirishani, na waya wake wa umeme nshauchomoa. Kucheka chekeni, lakini kwa sauti ndogo. Dirisha la Bi Salma liko wazi.